Moshi Ulioingia Nyumba Isiyoungua

Mama alipiga simu kutoka Tanga siku ya Ijumaa, tarehe 31 Desemba 2021. Huku Colorado ilikuwa saa nne asubuhi, kwao saa mbili usiku. Hakuanza na salamu.

"Nyumba imepona?"

"Imepona, mama."

Akamshukuru Mungu mara tatu, nami nikaitikia kila mara, maana picha nilikuwa nayo kwenye simu. Jirani aliyefika karibu na kizuizi cha polisi alikuwa ameipiga na kututumia. Mtaa wa nyuma yetu ulikuwa umebaki majivu na dohani za matofali zimesimama peke yake. Yetu ipo, paa lipo, hata taa ya mlangoni ipo.

Wiki ile kila aliyepiga simu aliuliza swali lilelile, nami nikatoa jibu lilelile. Haukupita muda nikalisikia neno hilo tena, safari hii kwa Kiingereza, kutoka kwa kampuni yetu ya bima: nyumba yenu haikuungua, mmepona. Hapo ndipo neno lilipoanza kutugharimu.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunaoishi Marekani tumekata bima ya nyumba kwa kuwa benki iliyotukopesha imetaka hivyo. Pesa zinakatwa kila mwezi pamoja na mkopo, hati inakaa kwenye barua pepe, na siku ya kuifungua ni siku ambayo tayari una msiba. Mimi nilikuwa hivyo. Sikujua kama moshi una kifungu chake.

Moto wenyewe unaitwa Marshall. Ulianza Alhamisi tarehe 30 kabla ya adhuhuri, kusini mwa mji wa Boulder. Upepo ulikuwa unateremka milimani kwa kasi iliyopita kilomita 160 kwa saa, na nyasi zilikuwa kavu kabisa, maana theluji ya mwaka ule ilichelewa. Kwa saa chache moto ulimeza nyumba 1,084 katika miji ya Louisville na Superior na maeneo ya pembeni. Watu wawili walikufa. Hospitali ya Avista ilihamisha wagonjwa wake wote, wakiwemo watoto wachanga waliokuwa chini ya uangalizi maalumu. Sisi tulitoka na pasipoti, dawa ya pumu ya mwanangu, na nguo tulizovaa. Kesho yake usiku theluji ikaanguka juu ya majivu.

Tuliporuhusiwa kurudi, mume wangu alifungua mlango, akasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake na harufu ikanifikia kabla sijavuka kizingiti.

Mimi moshi naujua. Nimekulia kwenye jiko la kuni na vifuu vya nazi, dari ya jikoni kwa bibi ilikuwa nyeusi inang'aa kwa masizi, na nguo za sikukuu kwetu hufukizwa udi kabla ya kuvaliwa. Moshi wa kuni una utamu fulani. Huu haukuwa huo. Huu ulikuwa moshi wa mazulia, rangi za kuta, matairi, friji, nyaya, makochi, betri za magari, mali za watu zaidi ya elfu moja zilizoungua kwa mpigo mmoja na kusukumwa na upepo. Ulikuwa unakaa kwenye ulimi kama nimelamba sarafu.

Nikapanda chumba cha mtoto. Kwenye kingo ya dirisha palikuwa na mstari mweusi mwembamba, umenyooka kama wanja, ukifuata mahali kioo kinapokutana na fremu. Dirisha lilikuwa limefungwa na komeo limeingia. Upepo ule ulikuwa umeyasukuma majivu kupitia upenyo ambao hata ukucha hauingii. Nikafanya ambalo mama yeyote angefanya: nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikapangusa. Mstari ukawa doa. Nikasugua. Doa likawa ukungu wa kijivu uliozama kwenye rangi nyeupe, na haukutoka mpaka dirisha lilipopakwa rangi upya miezi mingi baadaye.

Makosa yalikuwa mawili kwa mkono mmoja. Kwanza, masizi ya vitu vya plastiki yana mafuta mafuta. Yakikutana na maji yanapakazika na kuzama. Wanaofanya kazi hii huanza na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio jembamba sana, kisha sponji kavu ya mpira, wakivuta kwa mstari mmoja bila kusugua, na maji huja mwisho. Pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi, nilifuta ushahidi. Sikupiga picha. Alipokuja mtu wa bima, kingo ile ilikuwa na uchafu wa kijivu ambao ungeweza kuwa wa mtoto aliyeshika dirisha kwa mikono michafu.

Huyo mtu wa bima ni mtathmini wa hasara, huku sote tunamwita ajasta. Alikuja na kamera na kitambaa cheupe. Akapitisha kitambaa juu ya meza ya kulia chakula, akakigeuza, kikawa cheupe karibu kama alivyokuja nacho. Akafungua makabati mawili, akavuta pumzi puani, akaandika. Alikuwa mtu mpole na alikuwa na nyumba nyingi za kupita siku ile. Baada ya dakika arobaini akasema kampuni italeta watu wa usafi kwa siku mbili, wafute kuta na kupuliza dawa ya harufu, kisha tunaweza kuingia. Akasema tumebahatika.

Nilikuwa na mtoto mwenye pumu. Niliitikia kwa heshima, nikarudi hotelini, nikaitafuta hati.

Kurasa zilikuwa sitini na kitu. Bima nyingi za nyumba Marekani zimejengwa juu ya fomu moja ijulikanayo kama HO-3, na yetu ilikuwa ya ukoo huo. Imegawanywa kwa herufi. A ni jengo lenyewe. B ni vijengo vya pembeni, banda na uzio. C ni vitu vya ndani. D ni gharama za kuishi kwingine wakati nyumba haikaliki. Kati ya A na C pana tofauti ambayo sikuwahi kuambiwa na aliyeniuzia bima. Jengo linakingwa dhidi ya hasara zote, ila zile zilizotajwa kuwa hazimo. Vitu vya ndani ni kinyume chake: vinakingwa dhidi ya majanga yaliyotajwa kwa jina tu, nayo ni 16. Nikayahesabu kwa kidole kwenye kioo cha simu. Moto na radi, upepo na mvua ya mawe, mlipuko, ghasia, ndege, magari. La saba: moshi.

Nililisoma mara kadhaa. Moshi umetajwa peke yake, kando na moto. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima moto uwe umewaka ndani ya nyumba yako. Kinachotakiwa ni kwamba uharibifu uwe wa ghafla na usiotarajiwa, na humo umetajwa hata mtambo wa kupasha nyumba joto ukitapika moshi na masizi. Yanayotolewa nje ni mawili: moshi wa viwanda, na moshi wa wakulima wanaofukiza mashamba. Hilo la wakulima nililitafuta hadi nikalielewa. Wenye bustani za matunda huwasha moto usiku wa baridi kali ili barafu isiue maua ya miti yao. Moshi huo ukikuharibia mapazia, kifungu hiki hakikulipi.

Neno "ghafla" lina uzito wake. Ukivuta sigara sebuleni miaka kumi na kuta zikawa njano, hiyo haikuja ghafla. Mishumaa ya kila jioni, dohani isiyosafishwa, jiko linalotoa moshi kidogo kidogo, yote hayo bima huyaita uchakavu na ukosefu wa matunzo. Lakini moshi ulioletwa na upepo adhuhuri moja una tarehe na una saa.

Nikaendelea kusoma, na kwenye sehemu ya jengo nikakuta kifungu kilichonikata maini. Kilikuwa katika orodha ya hasara zisizolipwa: kutawanyika, kuvuja au kuenea kwa vichafuzi. Na vichafuzi vimefafanuliwa hapohapo: kitu chochote kigumu, cha maji au cha hewa kinachowasha au kuchafua, kikiwemo moshi, mvuke, masizi. Moshi na masizi, kwa majina yao. Nilimwamsha mume wangu nikamwonyesha. Akaisoma, akasema, "Basi. Wametufunga." Tukakaa kimya kitandani.

Ni yeye aliyeichukua simu tena baada ya muda na kusoma sentensi nzima mpaka kwenye nukta. Haikuwa imeishia pale. Ilisema hasara hiyo hailipwi isipokuwa kama kuenea huko kumesababishwa na mojawapo ya majanga yaliyotajwa chini ya herufi C. Na chini ya C, la kwanza ni moto na la saba ni moshi. Kwa maneno mengine, mlango uliofungwa na nusu ya kwanza ya sentensi umefunguliwa na nusu ya pili. Mtu akikusomea nusu ya kwanza kwenye simu, na nimekutana na watu waliosomewa hiyo nusu tu, atakuacha huna la kusema. Ndiyo maana namsihi kila mtu aombe hati kamili, pamoja na viambatisho vyote, maana kiambatisho cha ukurasa wa mwisho kinaweza kubadilisha kilichoandikwa mwanzo. Bima yako inaweza kuwa na maneno tofauti na yangu. Soma ya kwako.

Kuanzia hapo ubishi ulihama. Swali la kama moshi umekingwa liliisha, likaja la kama nyumba yetu imeharibika. Hati inalipa "hasara ya moja kwa moja ya kimaumbile". Je, harufu ni hasara ya kimaumbile? Majivu yanayoweza kufagiliwa je? Kampuni inasema kinachosafishika hakijaharibika. Mwenye nyumba anasema kuta zangu zinatoa harufu kila mtambo wa joto ukiwaka. Hapo kila upande unahitaji kitu cha kuweka mezani, na pua ya mama mwenye mtoto mgonjwa haiwekwi mezani.

Tulimlipa mtaalamu wetu wenyewe, mtu mwenye cheti cha kupima uchafu wa hewa na nyumba, asiyehusiana na kampuni ya bima wala na kampuni ya usafi. Hakugusa meza ya chakula. Alipanda ngazi akabandika utepe wa gundi juu ya fremu za milango, mahali ambapo hakuna mtu anayefuta vumbi. Akafungua njia za hewa za mtambo wa joto na kuchukua sampuli ndani. Akaingia darini akakata kipande cha ile pamba inayozuia baridi. Kila utepe akauweka kwenye mfuko wake wenye namba, na mahali alipoutoa akapapiga picha. Maabara ikaangalia kwa hadubini: masizi, majivu, na vipande vya vitu vilivyoungua, vingi zaidi darini na kwenye njia za hewa. Yaani kila mara tulipowasha joto, na ilikuwa Januari, nyumba ilikuwa inatupulizia moto wa majirani.

Ile ripoti ilibadilisha mazungumzo. Ajasta wa pili alikuja, safari hii akapanda ngazi. Kampuni ikakubali kutoa pamba yote ya darini na kuweka mpya, kusafisha njia za hewa, kubadilisha mazulia na magodoro, na kupaka rangi ya kuziba harufu kabla ya rangi ya kawaida. Kunyunyiza manukato peke yake hakungefika kokote. Tulikuwa tumekaribia kukubali siku mbili za usafi.

Sayansi ilikuja kutuunga mkono baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder waliingia kwenye nyumba zilizosimama na kupima hewa, wakakuta gesi za moto zikiendelea kuvuja kutoka ndani ya nyumba zenyewe wiki kadhaa baada ya moto kuzimwa. Zilikuwa zimenyonywa na kuta, mazulia na vitambaa, kisha zinarudishwa hewani polepole. Chujio la mkaa lilizipunguza, lakini lilipozimwa zilirudi. Walipowauliza watu kuhusu afya zao miezi 6 baada ya moto, zaidi ya nusu ya waliojibu walikuwa na angalau dalili moja waliyoihusisha na hewa ya nyumbani: macho kuwasha, kichwa kuuma, kikohozi kikavu, koo. Niliposoma hayo nililia, kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa nimeambiwa kwa upole kwamba ni hofu yangu.

Sasa vitu vya ndani. Mwaka 2022 Colorado ilipitisha sheria kwamba aliyepoteza nyumba yote kwa moto wa nyika uliotangazwa kuwa janga alipwe angalau asilimia 65 ya kinga ya vitu vyake bila kuorodhesha kijiko na sahani. Ni sheria ya huruma na nawashukuru walioipigania. Lakini sisi tuliosimama hatumo. Sisi tuliandika kila kitu: ni nini, kilinunuliwa lini, kwa kiasi gani, kimeathirikaje, kimejaribiwa kusafishwa vipi. Chumba kwa chumba, droo kwa droo. Mume wangu alishika simu akirekodi video, mimi nikitaja kwa sauti.

Khanga zangu zilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, doti kumi na tisa, nyingine za harusi yangu, mbili za bibi. Sanduku lilikuwa limefungwa na bado zilinuka. Nilizifua. Nikazianika nje kwenye baridi. Nikazifua tena kwa siki. Zilipokauka zilikuwa safi kwa macho, lakini nikiipiga pasi moja tu, joto linaitoa harufu yote upya, plastiki na mpira, hadi mtoto anauliza nani anaunguza nini. Kwenye fomu kulikuwa na safu ya bei na safu ya umri. Kitu cha miaka ishirini hukatwa uchakavu karibu chote. Ndivyo inavyokwenda: kwanza unalipwa thamani ya sasa, yaani bei ukitoa uchakavu. Kama umekata bima ya kulipa bei ya kitu kipya, ile iliyobaki unaipata ukishanunua kingine na kuleta risiti. Lakini khanga ya bibi yenye jina ambalo halichapishwi tena unakwenda kuinunua wapi? Niliziandika zote, kila doti na jina lake kwa Kiswahili na maana yake pembeni. Nilitaka yule atakayesoma aone.

Zile mbili za bibi sikuzidai. Ninazo, zimefungwa kwenye mfuko wenye mkaa.

Gharama za hoteli zilitusumbua vilevile. Kwa siku za kwanza haikuwa shida: hati nyingi hulipa hadi wiki mbili pale serikali inapozuia watu kurudi kwa sababu ya janga lililotokea jirani. Zikiisha hizo, lazima ionekane kwamba nyumba yako haifai kukaliwa kutokana na hasara iliyokingwa. Nyumba yenye paa na madirisha mazima inaonekana inafaa. Kilichotusaidia ni barua ya daktari wa mtoto pamoja na ripoti ya maabara, vyote kwa pamoja. Risiti za chakula tuliweka zote, lakini jueni kwamba hulipwi chakula chote, unalipwa ile ziada juu ya ulichokuwa ukitumia nyumbani.

Hundi ya jengo ilipokuja ilikuwa na jina letu na jina la benki iliyotukopesha. Huwezi kuiingiza peke yako, benki nayo isaini, na benki hutoa pesa kwa awamu kadiri kazi inavyokwenda. Hundi ya vitu vya ndani haihusiani na benki. Na kabla ya yote kuna sehemu ya kwanza ya hasara unayoibeba mwenyewe, kwetu dola 2,500, nayo inakatwa.

Kuna rafiki yangu wa Kisumu, Mama Brian, aliyekuwa amepanga nyumba Superior. Jengo lao halikuungua. Mwenye nyumba alilipwa ya kwake, kuta zikafutwa. Mama Brian hakuwa na bima ya mpangaji. Godoro, makochi, nguo za watoto watatu, vyote vilikuwa vyake na hakuna aliyewajibika kuvilipa. Bima ya mpangaji ina yale majanga 16 yaleyale na moshi umo, na bei yake kwa mwezi ni ndogo ukilinganisha na bili ya simu ya familia. Yeye mwenyewe sasa ndiye anayewaambia wageni wote wanaofika kanisani kwao.

Kama umekwama na kampuni yako, jimbo lako lina idara ya bima na malalamiko hayalipiwi. Hapa Colorado ipo sheria ya mwaka 2008: kampuni ikichelewesha au kukataa dai bila sababu ya maana, mwenye bima anaweza kwenda mahakamani kudai mara mbili ya kiasi alichonyimwa, pamoja na gharama za wakili. Sikufika huko. Ila nilipoitaja sheria hiyo kwenye barua moja, kwa adabu na kwa tarehe, majibu yalianza kuja ndani ya wiki. Kila kitu nilikifanya kwa maandishi. Mtu akinipigia simu, nikimaliza namwandikia: leo tumezungumza, umesema hivi na hivi, kama nimekosea unisahihishe.

Mnaoniuliza kutoka Dar na Nairobi: bima za huko zimerithi maandishi ya Uingereza. Msingi wake ni moto, radi na mlipuko, na mengine huongezwa. Moto wa kweli ukiwaka, moshi wake na hata maji ya zimamoto yanayoharibu zulia huhesabiwa kuwa hasara ya moto, kwa sababu chanzo chake ni huo. Ulizeni zaidi kuhusu kukata bima kwa thamani pungufu. Nyumba ya milioni mia mbili ukiikatia bima ya milioni mia, hasara ya milioni kumi unaweza kulipwa tano.

Ubishi wa moshi umefika mahakamani California. Kule kuna mpango wa bima wa wale walionyimwa na kampuni nyingine, unaitwa FAIR Plan, na hati yake ilikuwa na sharti kwamba moshi ulipwe tu ukionekana kwa macho matupu au ukinuswa kwa pua ya mtu wa kawaida, bila vipimo. Mwezi Juni 2025 jaji wa Los Angeles aliamua kwamba kinga ya namna hiyo ni finyu kuliko sheria ya jimbo inavyoruhusu. Nilifikiria kile kitambaa cheupe juu ya meza yangu.

Wakati uamuzi ule unatoka, mimi nilikuwa tayari na mtu wangu kule. Binti wa shangazi yangu anaishi Pasadena, si mbali na Altadena, ambako moto wa Eaton ulianza tarehe 7 Januari 2025. Alinipigia asubuhi waliporuhusiwa kurudi, sauti imempauka.

"Dada, tumefika. Nyumba imepona."

"Umeingia ndani?"

"Nimo sebuleni. Wifi yako ameshachota maji ya kufuta."

"Mwambie aweke ndoo chini. Usiguse kitu. Washa video, nenda dirishani, uniambie unaona nini."

Nikamsikia akitembea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema pale kioo kinapokutana na fremu pana mstari mweusi.